FEZA NA JAMAA: Nyumba ya milango mine, deni la miezi kumi na miwili

Ndugu wasomaji, mwezi huu tuna barua moja tu, lakini ni barua nzito. Imetoka Kibombo, kwa kijana mwalimu. Jina lake tunalificha, maana habari yenyewe ni ya jamaa nzima.

Baba yake aliacha vitu viwili: kiwanja kitupu huko Kindu, komine ya Mikelenge, na nyumba ya jamaa pale Kibombo ambamo mama yake anakaa mpaka leo. Mwalimu anataka kujenga Kindu nyumba ya milango mine ya kupangisha. Matofali ameshachoma, yako pale kiwanjani yanangojea. Koperative moja iko tayari kumkopesha dola 1,500, alipe kwa miezi 12. Rehani inayoombwa ni karatasi za nyumba ya Kibombo. Wadogo zake wamekubali. Mama amekataa.

"Mama anasema nataka kumulalisha inje," anaandika. "Lakini ni wapangaji ndio watalipa lile deni. Mimi nitakuwa nasimamia tu. Munasema nini?"

Mwalimu, tunasema mama ameona kitu. Hakushika kalamu, lakini ameona. Sasa wewe na sisi tushike kalamu, na wengine wote wenye kiwanja ao wenye kuota kiwanja wafuate, kama wako Kalima, Kailo, Punia ao Salamabila. Hesabu ni ile ile.

Koperative inataka faida ya 3 kwa mia kila mwezi, juu ya deni linalobaki. Ukigawanya 1,500 kwa miezi 12 unapata dola 125 za kurudisha kila mwezi. Juu yake weka faida: mwezi wa kwanza dola 45, kwa hiyo unatoa 170. Mwezi wa pili faida inashuka hadi 41.25, unatoa 166.25. Inashuka hivyo pole pole mpaka mwezi wa 12, unapotoa 128.75. Jumla ya faida yote ni dola 292.50. Si wizi. Kuna wakopeshaji wabaya zaidi, na wewe unawajua, wale wa "nipe mia, nikurudishie mia na hamsini".

Shida haiko katika faida. Shida iko katika kalenda.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba kujenga kutachukua miezi mitano. Koperative haingojei miezi mitano. Inaanza kudai mwezi unaofuata. Katika miezi ile mitano utakuwa umelipa dola 812.50, na katika nyumba hakuna hata mpangaji mmoja, kuna mchanga na masoni. Halafu nyumba inaisha. Tuseme una bahati ya ajabu: milango yote mine inapata watu siku ile ile, kila mmoja analipa dola 15 ulizokadiria, hakuna anayechelewa. Ni dola 60 kwa mwezi. Kwa miezi saba iliyobaki ni dola 420. Lakini koperative katika miezi ile saba inakudai 980.

Kwa hiyo wapangaji watalipa 420 kati ya 1,792.50. Zinazobaki, dola 1,372.50, zinatoka wapi? Mshahara wa mwalimu tunaujua. Hapo ndipo mama alipoona anga badala ya paa.

Tunarudia jambo hili kwa maana vijana wengi wanalipita haraka: nyumba inaweza kuwa kazi nzuri na bado ikakuangusha, kwa sababu feza yake inakuja kidogo kidogo kwa miaka, na deni linataka kurudi lote kwa mwaka. Nyumba inatembea kama kobe. Ukiifunga kwa kamba ya pikipiki, kamba haitavumilia.

Tena ile dola 60 yenyewe tuichungulie, maana ni ya mdomoni. Kwa mwaka ni 720. Weka kwamba kila mlango unakaa miezi miwili bila mtu, ao na mtu asiyelipa, ambayo ni karibu sawa. Inabaki 600. Kuna ushuru wa mapato ya kupangisha, ule tunaouita IRL, unaoingia katika sanduku la jimbo. Kiwango kilichozoeleka katika sheria ni 22 kwa mia, na kinakatwa juu ya kodi unayopokea, si juu ya kile kinachokubakia. (Ukipangisha kwa shirika ao kampuni, wao wenyewe wanakukatia 20 kwa mia na kuipeleka Serikalini. Uliza ofisi ya jimbo kabla hujaandika bei, kwa maana viwango vinaweza kubadilishwa.) Ushuru huo ni 132. Choo kinajaa, manjanja yanatoboka, kufuli inavunjwa: weka 80. Na wewe uko Kibombo, nyumba iko Kindu. Utahitaji mtu wa kupokea kodi, na mtu huyo hata akiwa ndugu anataka kitu: weka 60. Kinachobaki ni dola 328 kwa mwaka. Dola 60 za mdomoni zimekuwa dola 27 za mfukoni.

Dola 27 kila mwezi bila kulima wala kuuza ni kitu. Inasaidia shule ya mtoto, inanunua dawa. Lakini haiwezi kulipa 170.

Sasa tuache kalamu kidogo. Kuna wasomaji watasema: hawa waandishi wanatukataza kujenga, na wazee wetu wote walitajirika kwa nyumba. Hapana. Wazee walikuwa na sababu nzuri sana ya kupenda matofali. Desemba 1979 noti za zaïre 5 na zaïre 10 zilifutwa, na aliyekuwa ameficha magunia ya noti akabaki na karatasi za kuwashia moto. Mwaka 1993 ilikuja zaïre mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa zaïre mpya 100,000. Hesabu mwenyewe kilichobaki cha akiba ya mtu aliyeweka noti tangu 1979. Na hapa karibuni, Goma iliposhikwa na M23 Januari 2025 na Bukavu Februari ile ile ya mwaka huo, watu wenye akiba katika benki za kule walikuta milango imefungwa. Lakini aliyekuwa na nyumba 1979 alikuwa na nyumba ile ile 1998. Hakuna aliyefuta tofali kwa amri ya redio.

Ila tazama vizuri ni nyumba gani zilizovuka miaka ile. Ni zile zilizojengwa kwa feza ya mtu mwenyewe, polepole, chumba kwa chumba. Nyumba iliyo na deni haina nguvu hiyo. Feza ikiharibika ao kazi ikisimama, mwenye nyumba wa kweli ni yule anayeshika karatasi.

Na kazi kusimama, sisi watu wa migodi hatuhitaji kufundishwa. Bei ya kasiterite ilipoanguka duniani mwaka 1985, SOMINKI ilianza kuugua, na 1997 ikafika mwisho wake. Watu wa Kalima wanajua maana yake kuliko sisi. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila, ulitangazwa kuanza uzalishaji wake wa biashara Januari 2016, na Septemba 2019 Banro ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Ni chini ya miaka minne! Mtu aliyekopa 2018 kujenga vyumba vya wafanyakazi pale, deni lake halikusimama pamoja na mgodi.

Hata Kindu kwenyewe imeona. MONUC ilipokuja baada ya 2001, na mashirika nyuma yake, nyumba kubwa zilitafutwa kwa dola. MONUC ikawa MONUSCO 2010, leo haiko tena Kindu. Nyumba yenye vyumba sita na ukuta mrefu, iliyojengwa kwa ajili ya mgeni mmoja mwenye gari nyeupe, ni nani atakayeipanga sasa? Mwalimu, katika hili wewe umewaza vema kuliko matajiri. Milango mine midogo ni afadhali kuliko nyumba moja kubwa. Mpangaji mmoja akiondoka, wengine watatu wanabaki. Nasi tungependa wawe wa kazi mbalimbali: mwanafunzi wa Chuo Kikuu, muuguzi, mama muuza samaki, fundi. Mchimbaji pia ni mtu mwema, analipa miezi mitatu kwa mara moja siku mawe yanapotoka. Halafu anasikia kuna shimo jipya mahali, na asubuhi unakuta mlango wazi na ufunguo juu ya dirisha. Usimkatae, ila usijenge nyumba nzima juu yake peke yake.

Tunakuja sasa kwa jambo lililotushtua katika barua yako. Unaandika: "Tena kuko garanti. Miezi mitatu kwa milango mine ni dola 180, nitapunguza nayo deni."

Garanti si yako, Mwalimu. Ni feza ya mpangaji iliyolala kwako. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeiwekea mpaka: haipiti miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, miezi sita kwa nyumba ya biashara. Sheria hiyo watu wengi hawaijui, na wenye nyumba wengine wanajifanya hawaijui. Siku mpangaji anapoondoka bila deni na bila kuharibu, anadai yake. Tumeona mara nyingi namna inavyokuwa: mwenye nyumba ameshakula, anamwambia, "Ngojea, mtu mwingine aingie kwanza." Mpangaji wa pili analipa garanti, inakwenda kwa wa kwanza. Huo mviringo unazunguka mpaka siku mlango unapokosa mtu, ndipo makelele yanapoanza mbele ya shefu wa kata. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana desturi nyingine, mpangaji analipa miezi sita ao mwaka mzima mbele. Ile ni kodi, mwenye nyumba anaweza kuila ijapokuwa itamfunga mdomo miezi ile yote. Garanti yetu ni deni. Iandike katika daftari upande wa madeni, na kama unaweza iweke mahali usipoigusa.

Na feza gani utaandika katika mkataba? Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600, na 2024 ilipita 2,700. Mtu aliyepangisha kwa franka 14,000 mwanzo wa 2016 alikuwa anapata dola 15. Chini ya miaka miwili baadaye franka zile zile zilikuwa hazifiki dola 9. Kama deni lake lilikuwa la dola, alikuwa anajaza pipa lenye tundu. Lakini usikimbilie kusema "basi, dola tu". Mpangaji wako anapata franka, na dola ikipanda sana hatalipa wewe wala mwenye duka. Na mwishoni mwa 2025 mambo yaligeuka, franka ikapata nguvu kwa ghafla, na wenye kupokea dola ndio waliolalamika sokoni. Neno letu ni fupi: feza unayopokea na feza unayodaiwa ziwe za aina moja. Mshahara wako ni wa franka; basi deni la dola lipime mara mbili.

Je, ufanye nini na matofali yako?

Kata kazi katikati. Jenga milango miwili, na msingi wa mine kama nguvu inaruhusu. Kwa hesabu yako mwenyewe, nusu ya kazi ni dola 750. Ukiwa na walimu wenzako kumi katika likelemba, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, zamu yako ni dola 200 bila faida hata moja. Ila omba zamu yako iangukie mwezi wa tano ao wa sita, wakati kiangazi chetu kinapoanza. Likelemba inayokuja mwezi wa kumi na moja, katikati ya mvua, inaliwa na mambo ya Noeli, tusidanganyane. Dola 100 utoe mwenyewe kwa kuweka kidogo kidogo. Kwa hiyo kuta zinasimama bila mkopo.

Ndipo sasa ukope, dola 450, kwa ajili ya paa na milango tu. Hapa mkopo una akili, kwa sababu nyumba yenye kuta bila manjanja haileti hata franka, na mvua ya msimu mmoja inaila. Lakini kati ya kuweka paa na kumwingiza mtu ni wiki chache. Kwa faida ile ile ya 3 kwa mia na miezi 9, unarudisha 50 kila mwezi pamoja na faida: mwezi wa kwanza dola 63.50, wa mwisho 51.50. Wapangaji wawili wanaleta 30. Mshahara wako unaongeza 33.50 mwanzoni, 21.50 mwishoni. Ni mzigo, lakini unabebeka. Mlango mmoja ukikaa bila mtu miezi miwili, utafunga mkanda, hutauza nyumba. Faida yote ni dola 67.50.

Na kwa deni la 450 usikubali kuweka nyumba ya mama. Koperative nyingi zinakubali walimu watatu ao wane wadhaminiane, ao mshahara upitie kwao. Wakikataa kabisa, nenda kwingine.

Wengine watakushauri njia ya mpangaji wa kumalizia: yeye ananunua manjanja na milango, anaingia, na kila mwezi mnakata katika kodi. Si njia mbaya. Tunajua nyumba nyingi zilizomalizika hivyo. Ubaya wake ni kwamba miezi 20 ao 30 nyumba iko na mtu lakini haikuletei kitu, na kama hamkuandika bei za manjanja siku ile ile, baada ya mwaka atakumbuka misumari ambayo wewe huikumbuki. Andikeni kila kitu, mpigie sahihi mbele ya shahidi, kila mwezi mfute.

Hiyo milango miwili itakuachia kama dola 164 kwa mwaka baada ya mambo yote. Ni nusu ya ile 328. Kwa hiyo peke yake haitajenga mingine miwili haraka, itachukua zaidi ya miaka mine. Ukiongeza likelemba yako ya kila mwaka, miaka miwili na kitu. Utasema ni mrefu. Mwalimu, wewe una miaka mingapi?

Kabla ya tofali la kwanza, kuna neno la karatasi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni wa Serikali. Wewe unapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama juu ya certificat d'enregistrement. Kiwanja cha Mikelenge kiko kwa jina la marehemu baba. Wadogo zako wamekubali leo kwa mdomo. Nyumba ikianza kuleta feza, watakuwa na maswali, na watoto wao watakuwa na maswali zaidi. Kaeni pamoja, mama akiwapo, muandike nani ameleta nini: kiwanja ni cha wote, matofali ni yako, likelemba ni yako. Halafu muende kwa ofisi ya viwanja kubadilisha jina. Inagharimu, ndiyo. Iweke katika hesabu ya ujenzi kama simenti.

Na yule wa kupokea kodi Kindu: asipokee kwa mkono kama mnaweza. Wapangaji watume kwa simu moja kwa moja kwako, yeye abaki na kazi ya kutazama nyumba. Undugu unadumu zaidi hivyo. Mpangaji akikosa kulipa, usitume vijana wang'oe mlango. Mambo yanapita kwanza kwa ofisi ya Habitat ya komine, yakishindikana yanakwenda kwa tribunal de paix. Kungoja huko nako ni miezi bila kodi, ndiyo sababu tuliweka miwili kwa kila mlango katika hesabu yetu.

Mwisho, msomee mama barua hii, hasa pale penye 812.50. Halafu mwulize kama anaweza kukaa katika likelemba yako kama mtunza daftari. Umeandika kwamba yeye ndiye alikuwa anatunza feza ya mchango wa akina mama kwa miaka kumi na moja bila kupoteza hata franka.

Mwezi ujao: mama mmoja wa Kalima anauliza kama mjane anaweza kuwatoa wapangaji walioingizwa na shemeji yake.